Kopo la Negativu Chini ya Kitanda cha Mama

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Temeke

Katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni, chini ya kitanda cha mama au juu ya kabati la vyombo, lipo kopo la biskuti ambalo halina biskuti. Ndani yake mna vipande vya plastiki vya rangi ya kijivu, vimefungwa kwa mpira uliokwisha kukauka. Watoto wakivipata huvielekeza dirishani na kucheka kwa kumwona babu yao ana kanzu nyeusi na uso mweupe. Hizo ni negativu. Picha zilizotokana nazo nyingi hazipo tena: baadhi zilipelekwa kwa ndugu wa Kilwa na Rufiji zisirudi, baadhi zililiwa na mchwa, baadhi ziling'ang'ania kioo cha fremu zikachanika siku ya kuhama. Negativu zimebaki, na wenye nyumba hawajui wazifanyie nini.

Makala haya yanahusu kazi ya kuchapa picha kwa mkono, ndani ya chumba cha giza, kwa mashine ya kukuzia ambayo mafundi wetu waliiita enlaja. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa studio za jiji hili kwa miaka mingi, mpaka mashine za picha za rangi zilipoipunguza na kompyuta zikaimaliza. Siku hizi husemwa kuwa ni burudani ya watu wenye nafasi. Mimi naileta katika ukurasa wa familia kwa sababu nyingine, nayo ni sitara.

Nani anaziona?

Tujiulize ndani ya kopo lile mna picha gani. Zimo za Idi, za hitima, za baba akiwa kazini na baiskeli yake. Zimo pia za akina mama wakiwa ndani: siku ya singo, usiku wa hina, mama aliyetoka kujifungua akiwa na nguo za kukaa, shangazi kabla hajaanza kuvaa baibui. Hizo zilipigwa na mume, au wifi, au shoga aliyekuwa na kamera, na waliopigwa walikuwa wametulia kwa kuwa walijua nani anawatazama.

Zamani filamu ilipelekwa studio, na fundi wa studio alikuwa mtu wa tatu kuziona. Wazee wetu waliridhia jambo hilo kwa kuwa fundi alikuwa mtu wa mtaa, anajulikana kwa jina na kwa ukoo wake, na alirudisha negativu pamoja na picha. Leo ukiipeleka negativu hiyo dukani, huingizwa katika kompyuta ambayo vijana watatu wanaitumia kwa zamu, hupitia kwenye flashi ya mtu mwingine, na nakala hubaki hapo bila mwenye duka mwenyewe kukumbuka kuwa ipo. Sisemi kwamba wenye maduka si waaminifu. Nasema milango ya kutokea imekuwa mingi, na picha ikishatoka hairudishwi. Ndiyo maana akina mama wengi niliozungumza nao wamekataa kuzitoa, nami naona wako sahihi. Ila kukataa huko kuna gharama yake, kwa sababu kopo nalo halisubiri.

Filamu nyingi za zama zile zimetengenezwa kwa plastiki ya asetati. Joto na unyevu wa pwani huivunjavunja plastiki hiyo, nayo ikianza kuvunjika hutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo huzidi kuila plastiki iliyobaki. Fungua kopo lako unuse. Likitoa harufu ya siki, basi negativu zimekwisha kuanza kufa: zitajikunja, zitasinyaa, na utando uliobeba picha utajitenga kama ganda la kitunguu. Mfuniko unaobana huharakisha mambo, kwa kuwa huifungia asidi humo ndani. Bahasha za karatasi kavu, ndani ya droo isiyo ukutani mwa bafu, ni salama kuliko kopo.

Juu ya hukumu ya picha yenyewe wanachuoni wamejadiliana tangu kamera ilipoenea katika nchi za Kiislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akieleza kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli cha kitu alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, wala si kuumba umbo jipya. Wengine, akiwamo Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia, walishikilia katazo isipokuwa penye haja, kama vile vitambulisho. Mimi sina cheo cha kuamua baina yao, na kila familia ina sheikh wake wa kumuuliza. Lakini negativu zimo tayari nyumbani. Hata anayeona zisichapwe bado ana deni la kujua zitaishia wapi, maana kopo likitupwa na taka litafika jalala la Pugu Kinyamwezi, na hapo litafunguliwa na yeyote.

Binti wa Yombo na fundi wa Tandika

Mama mmoja wa Yombo, mjane, aliolewa mwaka 1974. Marehemu mumewe alikuwa karani mwenye kupenda kamera, naye alimpiga mkewe picha nyingi mwaka wao wa kwanza. Zote zilipotea katika mafuriko ya nyumba yao ya zamani, zikabaki negativu. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuja ofisini kwetu msikitini na mdogo wake wa kiume kuuliza iwapo kuna duka la mwanamke mwaminifu. Sikulijua. Nilichokijua ni kwamba Tandika kuna mzee aliyefanya kazi ya studio zaidi ya miaka thelathini. Kamera zake alikwisha kuziuza, lakini enlaja haikupata mnunuzi, akaifunika kwa shuka uvunguni.

Mzee alikubali kufundisha, na masharti yalitoka pande zote mbili. Binti alisema mdogo wake atakuwepo chumbani kila somo, tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba negativu za mama hazitatoka Yombo. Mzee akasema hilo la pili lilikuwa sharti lake pia: atafundisha kwa negativu zake mwenyewe, za barabara na masoko, na hataki kuonyeshwa za mtu. Alieleza kuwa katika kazi yake ameona ndani ya nyumba nyingi na amekufa nazo moyoni, na hana nafasi ya kuongeza nyingine. Binti akawa anamwita Babu, naye mzee akimwita mwanangu, na masomo yakaanza Jumamosi baada ya Isha, majuma saba. Nami niliomba nihudhurie, kwa sababu ofisi ya msikiti ilikuwa na bahasha yake.

Somo la kwanza halikuwa na picha hata moja. Tulikaa gizani. Mzee alizima taa, akafunga mlango, akatuambia tusubiri dakika tano nzima. Jicho likishazoea giza ndipo linapoona nyufa: mstari wa mwanga chini ya mlango, tundu la msumari kwenye bati, mwanya wa dirisha. Ukiweza kuuona mkono wako, chumba hakijawa tayari. Chini ya mlango tuliziba kwa mkeka uliokunjwa, dirishani kwa nailoni nyeusi ya mafundi ujenzi iliyokunjwa mara mbili. Kanga haizibi, hata ikiwa nzito. Usiku husaidia sana, na ndiyo sababu ya kuchagua baada ya Isha.

Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haisikii mwanga mwekundu, kwa hiyo chumba huwashwa taa nyekundu hafifu na kazi yote huonekana. Tahadhari ni kwamba si kila taa nyekundu ya dukani ni salama. Mzee hupima hivi: huweka sarafu juu ya kipande cha karatasi chini ya taa hiyo kwa dakika tano, kisha hukitia kwenye dawa. Duara la sarafu likitokea, taa hiyo inadanganya.

Mwanga, kisha dawa

Enlaja ni kamera iliyopinduliwa kazi yake. Juu kuna taa, chini ya taa hukaa negativu, chini ya negativu lenzi, na yote hayo hupanda na kushuka kwenye nguzo iliyosimama juu ya ubao. Mwanga hupita katika negativu na kuishusha picha ubaoni. Ukikipandisha kichwa cha mashine, picha hukua; lakini mwanga ule ule unasambaa mahali pakubwa zaidi, hivyo picha iliyokuzwa mara mbili kwa kila upande huhitaji muda mara nne. Kanuni hii waanzao huisahau kila mara, wakashangaa kwa nini picha ya saizi ya postikadi ilitoka nzuri na ile kubwa imepauka.

Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Uliofifia ndio hutazama chini. Ukiigeuza, picha itatoka safi kabisa, ila kushoto kumekuwa kulia. Mzee alikuwa na negativu ya walima ya kufundishia jambo hilo: akiichapa kinyume, wageni wote wa sinia wanakula kwa mkono wa kushoto.

Namna mwanga unavyofanya kazi gizani si habari ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo katika karne ya 11, alipanga taa kadhaa nje ya chumba cha giza chenye tundu dogo, akaona kila taa inatoa doa lake ndani. Alipoifunika taa moja, doa lake peke yake likatoweka. Kwa hiyo miale hukutana pale tunduni bila kuchanganyika. Chuoni tulitajiwa jina lake kwa mstari mmoja tu katika somo la tarehe, na sasa naona jaribio lile lilistahili jioni nzima, kwa kuwa vifaa vyake ni mishumaa mitatu na kadibodi.

Muda wa mwanga haukisiwi, hupimwa. Unachukua kipande chembamba cha karatasi, unakiweka ubaoni, unawasha kwa sekunde tano. Kisha unakifunika sehemu moja ya tano kwa kadibodi na kuwasha tano nyingine, halafu unafunika tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Kikitoka kwenye dawa kina mistari mitano, ya sekunde 5, 10, 15, 20 na 25, mmoja umepauka na mwingine umekuwa kama makaa. Kipande hicho kimoja huokoa karatasi nzima tano, na karatasi ndiyo gharama kubwa ya kazi hii.

Mabeseni ni matatu na beseni la maji. La kwanza lina dawa ya kuibulia. Karatasi imepakwa chumvi za madini ya fedha, fedha ile ile ya pete, na mwanga umezigusa baadhi bila kuacha alama inayoonekana. Dawa huzibadilisha zilizoguswa kuwa chembe za fedha nyeusi. La pili lina asidi hafifu ya kuisimamisha dawa hiyo. Siki ya jikoni, kipimo kimoja kwa vipimo viwili au vitatu vya maji, hutosha. La tatu, fiksa, huziyeyusha chumvi ambazo hazikuguswa na mwanga, ili picha isije ikawa nyeusi tupu mchana. Sir John Herschel wa Uingereza aligundua uwezo huo wa dawa ya haipo mwaka 1819, na miaka 20 baadaye ndipo ulipotumika katika picha. Kabla ya hapo picha zilikuwepo lakini hazikuwa na uhai.

Vitabu vinaandika kwamba dawa iwe na joto la nyuzi 20. Vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Maji yetu ya bomba ni vuguvugu, na katika dawa ya namna hiyo picha huibuka haraka mno na kuwa nzito kabla hujakaa sawa. Dawa yake ni rahisi: beseni la dawa hukaa ndani ya beseni kubwa lenye maji, na ndani ya maji hayo hutiwa zile barafu za mifuko zinazouzwa dukani. Kipimajoto kimoja na barafu mbili zilitutosha kwa usiku mzima.

Karatasi ikizama, hakuna kitu kwa sekunde kama 15. Kisha kofia hutangulia, au nywele, au kivuli cha mlango, yaani kilicho cheusi zaidi. Hapo mwanafunzi hupatwa na haraka ya kuitoa, kwa kuwa chini ya taa nyekundu picha huonekana imekwisha kuiva. Haijaiva. Huachwa muda wake wote, dakika moja au zaidi kwa kadiri dawa inavyoelekeza, huku beseni likiinuliwa pembe moja baada ya nyingine. Ukiitoa mapema, kwenye mwanga mweupe utakuta picha ya majivu.

Uso na kanzu

Jambo lililotuchukua majuma matatu kati ya saba ni moja, nalo halimo katika kijitabu chochote nilichokiona. Watu wetu wana nyuso nyeusi na huvaa kanzu nyeupe. Ukiipa karatasi mwanga wa kutosha kanzu ionyeshe mikunjo na darizi zake, uso huzama kwenye weusi, macho hayaonekani. Ukiupunguza mwanga ili uso uonekane, kanzu inakuwa karatasi tupu yenye kichwa juu yake. Picha nyingi za wazee wetu katika magazeti ya zamani zina ila moja kati ya hizi mbili, na watu wamezizoea wakadhani kamera haikuwa na uwezo. Uwezo umo ndani ya negativu. Kilichokosekana ni mkono wa mchapaji.

Mzee hutumia waya mwembamba uliobandikwa duara la kadibodi kubwa kama shilingi. Mwanga ukiwa umewaka, hulileta duara hilo juu ya uso kwa sekunde chache, akilitikisa bila kusimama ili lisiache ukingo. Uso uliokingwa hupata mwanga mdogo, hivyo hutoka mwepesi. Kisha hufanya kinyume chake kwa kanzu: hukunja vidole vya mikono miwili akaacha tundu, na mwanga wa ziada hupita humo tu na kuangukia kifuani. Sekunde 12 kwa picha yote, nne kati ya hizo uso umekingwa, nane za nyongeza kwa kanzu: hesabu hizi huandikwa daftarini, kwa sababu kesho utazitaka tena. Karatasi za kisasa huweza pia kulainishwa kwa vichujio vya rangi vinavyowekwa njiani mwa mwanga, cha manjano kikipunguza ukali wa weusi na weupe, na cha zambarau nyekundu kikiuongeza. Ila kichujio hakijui uso ni upi na kanzu ni ipi.

Nilipomtazama mzee akifanya hivyo nilielewa kwa nini studio za pwani yetu ziliheshimiwa. Mjini Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Lamu, Omar Said Bakor, mtu aliyejifunza mwenyewe, alifungua studio katika miaka ya 1960 na kuunganisha negativu tofauti katika karatasi moja. Kazi hiyo ilifanywa muda mrefu kabla ya kompyuta, na yote ni mikono, kadibodi na sekunde.

Na Dar es Salaam yenyewe ilimlea Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapa, akapata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumika, akiwa na umri wa miaka 11, na akajifunza kusafisha filamu na kuchapa picha akiwa mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix katika jiji hili. Wengi wanamjua kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 zilizoiamsha dunia. Waislamu wengine wanazo kumbukumbu za kitabu chake cha picha za Hija, kilichotoka mwaka 1978. Alikufa tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini Komoro. Namtaja kwa ajili ya wazazi ambao wanaona kuwa kijana anayejifungia stoo na mabeseni anapoteza wakati.

Ya kuangalia kabla ya kuanza

Negativu zenye rangi ya chungwa, ambazo ni nyingi katika makopo ya miaka ya 1990, ni za picha za rangi. Huweza kuchapwa kwenye karatasi nyeusi na nyeupe, lakini zinahitaji muda mrefu zaidi na hutoka zimepooza. Kazi hii inafaa hasa zile za kijivu.

Enlaja hupatikana kwa waliokuwa na studio. Ulizia Kariakoo, Magomeni na Temeke kwa mafundi wa zamani. Ishike lenzi kwenye mwanga kwanza, maana ukungu wa pwani huota ndani ya vioo kama utando wa buibui. Karatasi na dawa bado hutengenezwa na Ilford ya Uingereza na Foma ya Jamhuri ya Czech, nazo huagizwa. Ukiuziwa karatasi ya zamani, kata kipande gizani ukitie kwenye dawa bila kukipiga mwanga: kikigeuka kijivu, usiinunue.

Dawa zisiwekwe kamwe katika chupa za maji ya kunywa au soda. Nalisema hili kwa ukali, kwa kuwa nyumba zetu zimejaa chupa hizo na watoto hawasomi lebo. Mabeseni ya picha yasirudi jikoni. Vaa glavu au tumia koleo, fungua mlango kila baada ya nusu saa, na mwenye pumu asikae juu ya beseni la fiksa. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake, na katika mitaa yetu ambako shimo la choo na kisima hutenganishwa kwa hatua chache, haifai kumwagwa ardhini. Iwekwe kwenye dumu pamoja na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kwa siku kadhaa; fedha hunasa kwenye chuma. Mzee wa Tandika analo dumu moja kwa ajili ya sisi sote.

Picha za karatasi yenye plastiki huoshwa dakika chache tu katika maji yanayobadilishwa. Za karatasi nzito ya asili huhitaji saa nzima, na mtaani kwetu maji hayatoki kila siku, kwa hiyo tulichagua za plastiki.

Mwishoni mwa juma la saba enlaja ilipakiwa kwenye bajaji na kupelekwa Yombo kwa mkopo, ikawekwa stoo. Binti na mama yake walifanya kazi siku tatu mfululizo, mlango umefungwa, kaka mtu akipeleka barafu na kugonga. Picha zilizotoka mimi sijaziona wala mzee hakuziona. Nilichoambiwa ni kwamba ni 31, kwamba mama alikaa kwenye kigoda kando ya beseni la kwanza na kuwataja waliokuwa wakiibuka kabla nyuso hazijakamilika, na kwamba wawili kati ya hao, wifi yake na somo yake, binti hakuwa amewahi kujua wanafananaje. Albamu inakaa chumbani kwa mama, na funguo ya kabati anayo mwenyewe.

Za msikiti niliziona kwa kuwa tulizichapa sisi. Bahasha ilikuwa na negativu 12 za mraba, sentimita sita kwa sita, zilizopigwa siku ya kuweka msingi. Kumbukumbu za kikao cha siku hiyo tunazo, zimeandikwa kwa hati nzuri, lakini majina ya waliochimba hayakuandikwa, yameandikwa ya waliohutubia tu. Katika picha ya saba wamesimama watu 14 mbele ya mtaro, majembe mkononi, nyuma yao kibanda cha mabati kilichokuwa msikiti wa kwanza. Tuliichapa kwa inchi nane kwa kumi, tukiwakinga nyuso mmoja mmoja, na ilitugharimu karatasi sita. Haikutundikwa, imo kwenye jalada, pamoja na karatasi ya kuandikia majina kwa safu.

Wazee wamekwisha kuwataja 12. Waliobaki ni wawili wa safu ya nyuma: mmoja mrefu, kofia ya vito, ameshika ndoo, mwingine kijana, pengine miaka 16, shati limefungwa kiunoni. Mwenye mzazi aliyeishi mtaani kwetu miaka ile na amlete ofisini baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Jumatano. Asiyeweza kutembea atutumie mtu, nasi tutampelekea picha nyumbani.